Mkono wa Tatu

Miaka arobaini na mitatu mama aliyachukia meko yale,
na miaka arobaini na mitatu baba alimjibu:
tofali halipakwi rangi, Eluned. Tofali linapumua.

Tukamzika Idwal siku ya Jumanne, mvua ikija kwa ubavu
kama ijavyo Welisi, haikuulizi una mwavuli gani.
Jumatatu iliyofuata nikakuta makopo mawili mlangoni,
rangi ya maziwa,
na brashi ingali ndani ya nailoni yake.

"Goti langu halipandi ngazi," mama akasema. "Lako linapanda."

Tukaanza na magadi na maji ya moto.
Wasemao ya kale hayanuki
hawajapata kusugua matofali yaliyovuta makaa ya mawe
tangu kabla hawajazaliwa.
Maji yalitoka meusi, kisha ya hudhurungi,
kisha yakatoka na harufu ya viatu vilivyoanikwa pale,
ya mbwa aliyekufa nikiwa darasa la tano,
ya maganda ya machungwa ambayo baba aliyatupia motoni
akageuka kutazama dari, kama hajui nani.

Mama kitini, blanketi magotini, msimamizi wa kazi.
"Hapo umeruka." "Kwenye mfereji, chokonoa."
Maana tofali si ukuta laini wa kuridhika na rola;
tofali lina chunusi, lina makovu, lina vishimo vya siri,
na kati ya moja na jingine kuna mifereji
ambayo brashi sharti iingie kichwa kichwa
kama mtoto anayetafuta sarafu chini ya kabati.

Safu ya saba kutoka chini, upande wa dirisha,
nikakutana na dole gumba.

Alikuwa na miaka kumi na saba, kiwandani kule bondeni,
akalinyanyua tofali kabla halijakauka
na tanuri likaihifadhi haraka yake.
Alimwonyesha kila mgeni. Mpima gesi. Mchungaji wa kanisa.
Alimwonyesha hata daktari aliyekuja kumwambia habari za mapafu.
"Hili langu," alikuwa akisema, akilibandika dole mle,
na kila mwaka dole likazidi unene
mpaka halikuingia tena.

Nikasimama. Tone likaangukia gazeti.
Nyuma yangu kijiko kikanyamaza kikombeni.
Nikangoja aseme ruka. Nilikuwa tayari kuruka,
tayari kabisa kuja kusimulia siku moja
jinsi tulivyoliacha jekundu moja katika weupe wote ule,
na wasikilizaji watikise vichwa.

"Na hilo," mama akasema.

Rangi ikajaa dimbwi lile dogo, ikatulia
kama maziwa kwenye kisahani cha paka.

Mkono wa kwanza ulinywewa wote; matofali yana kiu
kuliko watu watokao msibani.
Mkono wa pili ukashika.
Chumba kikarudi nyuma hatua mbili,
dirisha likaonekana kama limeoshwa,
na mama akalia kidogo, si sana,
akaomba chai, akasema: mwanga huu wote,
mwanga huu wote ulikuwa wapi?

Asubuhi nikashuka na soksi.
Juu ya mdomo wa meko, waa.
Manjano ya chai iliyolala, upana wa bega,
likipenya polepole kutoka ndani.
Halikuwa na sura ya mtu, nisiongope,
ila lilikuwa na ukaidi ninaoujua.

Nikamwita. Akaja na mkongojo, akavaa miwani,
akalitazama kama alivyomtazama mwenyewe
kila alipoingia sebuleni na matope.

"Linapumua," nikasema.

"Mwache apumue."
Kwa ncha ya mkongojo akalisukuma kopo la pili,
taratibu, likikwaruza sakafu,
mpaka likafika miguuni pangu.
"Hili halijaisha."